Siku Kumi na Tatu

Mama Nyemo, ile sahani ya bluu,
pilau na paja la mbuzi,
niliipokea kwa mikono miwili kama ulivyonifundisha.
Nikasema ahsante, nikafunga mlango,
nikavimwaga vyote kwa mbwa wa mwenye nyumba.
Mwanao aliona. Alikuwa juu ya ukuta
akitafuta mpira.

Sikujua Kiswahili cha kusema nimefunga.
Nilijua funga mlango, funga mzigo,
sikujua kwamba kinywa nacho hufungwa
kwa kitenzi kilekile.
Siku tatu hukunisalimu.
Mvua ya Nkuhungu ilitupaka tope jekundu vizingitini,
kwako na kwangu bila upendeleo,
tukafagia, kila mtu upande wake,
migongo ikitazamana.

Saa haikunisumbua. Hapa na kwetu
ni jua linalohesabu, moja ya asubuhi ni moja.
Nilishuka kwenye basi na saa yangu mkononi
sikuigusa hata dakika.
Ni kalenda iliyonisaliti:
kwenu Mwana kazaliwa, ngoma na kwaya usiku kucha,
na mimi bado niko katikati ya mfungo.

Kwetu Dese mtaa mzima hufunga.
Bucha hufungwa, maziwa hukosa mnunuzi,
hata mlevi anajua leo ni Jumatano.
Hapa nafunga peke yangu
ndani ya moshi wa mishikaki ya jirani.
Nikichoma ubani, mwenye nyumba anabisha hodi:
"Dada, hapa hatutaki mambo ya waganga."
Mzee Shaweji wa Kondoa alinusa, akacheka.
"Huu si ubani wa maulidi? Mwache mama wa watu."

Kanisa la kwetu sijaliona. Nina ukuta.
Navua viatu, naelekea mashariki,
na mashariki yangu ni zizi la mbuzi wako.
Wananitazama wakicheua.
Wasipokuwepo, sala inapwaya.

Siku ya nne, bombani, mbele ya ndoo na watu,
Nyemo akauliza: "Kwa nini ulimpa mbwa?"
Nikaonyesha kinywa. Nikaonyesha mbingu.
Nikahesabu siku kwa vidole, vidole vikaisha.
Ukanitazama kama mtu anayesoma risiti ndefu.

Jioni ukaja na bakuli.
"Mlenda. Hauna nyama, hauna maziwa, hauna mafuta.
Sisi huku tumefunga sana, mwenzangu,
ila hatukupanga tarehe."
Sikujua nicheke au nini.
Ukavutika, ule mlenda, toka bakulini hadi kidevuni,
nikashindwa kuukata,
ukanishika kifundo cha mkono:
zungusha tonge, hivi, zungusha, halafu usiogope.

Tarehe saba Januari nilikuwa na jogoo na sina mwanamume.
Kwetu mwanamke hachinji.
Mzee Shaweji akaja na kisu chake, hakuitwa,
akamgeuza ndege kibla, akataja jina la Mungu.
Nyama hiyo, kwetu, nisingeila.
Padri angeniuliza, shangazi zangu wangeniuliza.
Niliila.
Sijamwandikia mama.

Ukaingia na mbukwenyi yako, umevaa khanga ya kanisani.
"Leo kuna nini?"
"Mtoto kazaliwa."
"Mbona wetu kitovu kimeshadondoka?"
Ukafikiri kidogo.
"Basi barabara ya kwenu mbovu."

Nikakaanga buni, nikatwanga, nikachemsha.
Ulikunywa kikombe kimoja kwa mkupuo
ukasimama, una mboga jikoni.
Nikakuvuta khanga. Kaa.
Vikombe ni vitatu, usivunje hesabu.
Cha kwanza ni abol, cha pili tona,
na hicho cha mwisho, chepesi, karibu maji matupu,
ndicho tunachokiita bereka.

"Baraka?"

Nilikuwa nimelitamka mara elfu, tangu utoto,
sikuwahi kulisikia.

Ukakaa.
Ukaomba sukari.